Jipu Iliyokunywa Mawese

Ninyi wenzangu wa kiwanda cha mbao kule Albertville, barua zenu zimefika, na zote tatu zinauliza neno lile lile: ati ni kweli jipu ya Etiene inanuka kama jiko la mwuza samaki? Aliyewapelekea habari hiyo namfahamu, na mdomo wake naufahamu zaidi. Lakini safari hii hakusema uongo. Nimekwisha kubadilisha mafuta ya motere mara mbili, nimeosha kwa esanse ya tangi, nimeosha kwa sabuni, na bado nikipanda kilima watu wa kando ya njia wanainua pua na kuuliza nani anapika. Basi kaeni niwaeleze tangu Uvira. Ya bei na ya makaratasi nayaacha. Yalikuwa marefu na hayakuchekesha.

Kwanza mjue kwa nini nilikwenda. Mama yangu anakaa nami hapa Fizi, na magoti yake hayashuki tena mlima. Dada yake mkubwa, mama mkubwa Nyasa, anakaa Ubwari, ng'ambo ya maji, na hawa wawili hawajaonana tangu nilipooa. Mwanzo wa kiangazi wavuvi walileta neno lake Baraka, na kutoka Baraka likapanda hadi kwangu: macho yake yanakwenda. Asubuhi na jioni haoni mtu. Mchana tu, jua likiwa kali, bado anaziona sura. Alitaka auone uso wa mdogo wake kabla mchana nao haujamfungia mlango. Mkwewe angemvusha mpaka Baraka, angekaa siku moja, Jumanne, na Jumatano alfajiri mtumbwi ungerudi, maana mtumbwi wenyewe ni mmoja na nyavu zina kazi. Kwa hiyo tulikuwa na Jumanne moja tu, na katika Jumanne hiyo ni zile saa za jua kali.

Nilimwambia mama tumbebe kwa tipoye, kile kiti cha mabegani. Akanijibu, "Tipoye ni ya bazungu na ya bafu. Mi siko muzungu, na sijakufa." Lori la pamba alishalipanda mara moja, juu ya magunia, akadondoka kwenye kona ya pili, akaapa halipandi tena. Ndipo niliposema nitatafuta gari lenye kiti cha heshima. Nisiwadanganye: hata kama mama mkubwa angekuwa na macho ya mwewe, ningetafuta sababu nyingine ya kununua jipu. Mnanijua. Lakini sababu niliyoipata ilikuwa ya kweli, na kila nilipomwona mama akijipaka mafuta magotini ilinichoma.

Uvira

Jipu ilikuwa ya mzungu mmoja wa pamba aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na miaka yake. Rangi ya kijani ilikuwa imebaki mahali ambapo mvua haifiki, na turubai lilikuwa na viraka vya gunia. Nilizunguka nikigonga bodi kwa ngumi, kama ninavyopima ubao, na nikachungulia chini nikitikisa kichwa kama mtu anayejua anachokitazama. Aliyekuwa akinitazama mimi ni Alimasi, makanika aliyeitunza jipu hiyo miaka sita. Alinitazama kwa huruma.

"Papa," akaniuliza, "unatafuta muchwa?"

Nikakasirika, halafu nikacheka, na hapo tukaanza kuwa marafiki. Alimasi ni mtu mfupi, mikono mipana, kofia yake haijawahi kuoshwa. Alipoona nimeamua kununua, alikwenda kukaa chini ya ukuta peke yake. Aliporudi akasema atakuja nami mpaka Fizi, wiki mbili, bila kuombwa. "Haupatie muntu bibi-arusi hivi hivi tu, bila kumuelezea tabia yake," akasema.

Tabia zake zilikuwa nyingi. Mlango wa kulia unafunguka ukipinda kushoto, kwa hiyo abiria anaushika kwa kamba. Gia ya pili inatoka yenyewe, kwa hiyo dereva anaizuia kwa goti. Batri imechoka, kwa hiyo asubuhi unaiwasha kwa manivela, ule mkono wa chuma wa mbele, na usipoondoa kidole gumba upesi utakwenda kutafuta kingine. Mafuta ya motere inakunywa sana, kwa hiyo unayapima kila jioni. Haya yote Alimasi aliyasema kwa fahari, kama baba anayelalamika kwamba mwanawe anasoma mno.

Kabla ya kuondoka nikamkuta dereva wa lori anayekwenda Fizi usiku ule, nikampa neno fupi: "Umuambie mama nimepata jipu. Nafika Jumatatu." Neno lenyewe lilikuwa sahihi. Mtaona lilivyofika.

Makobola hadi Mboko

Tulitoka Jumamosi asubuhi na ziwa mkono wa kushoto, mlima mkono wa kulia, na mimi kwenye usukani. Niliwahi kuendesha lori la magogo kule kwenu, mnakumbuka, na mnakumbuka pia ule ukuta niliougonga. Basi jipu ni nyepesi mno kwa mtu aliyezoea magogo. Kila jiwe lilituinua. Kabla ya Makobola mpira wa nyuma ukapasuka, tukaziba. Baada ya Makobola ukapasuka tena, tukaziba. Mara ya tatu viraka vilikuwa vimekwisha na gundi imekauka, na Mboko ilikuwa bado mbele.

Alimasi akaniambia nikate nyasi. Nikadhani jua limempata. Kumbe mpira usio na pumzi unaweza kujazwa nyasi kavu na majani ya mgomba, ukishindilia sana, nao unakufikisha polepole. Tukashindilia saa nzima. Mama mmoja aliyekuwa akirudi shambani na kapu la mihogo akasimama kututazama.

"Sasa hiyo munafanya nini?"

"Tunashibisha mupira, mama," Alimasi akamjibu.

Akafikiri kidogo. "Kumbe inakulaka majani. Na mi nilikuwa nasema bazungu beko na mali mingi juu ya kuilisha nyama." Akatuachia mihogo miwili mibichi, mmoja wangu na mmoja wa Alimasi, na akaangalia gari kama anayeona aibu kwamba hakuleta wa tatu.

Niliona ni kichekesho cha njiani tu, nikakisahau. Laiti ningekifikiria vizuri.

Mboko tuliingia jua likizama, gari likichechemea. Tulikula bugali wa muhogo na ndagala mbichi waliochemshwa kwa pilipili na ndimu, na sijui kama ni njaa au ni mkono wa mpishi, lakini nililamba sahani mbele za watu. Jumapili ilipita tukingoja mtu mwenye gundi atoke kanisani. Ibada za Mboko ni ndefu. Alitoka, akala, akalala kidogo, ndipo akatuuzia gundi. Uso wangu ulisema yote, maana Alimasi aliniomba nikakae mbali.

Baraka

Kwenye daraja la Mutambala mbao tatu zilikuwa zimeng'oka. Hapo makanika alikaa pembeni na fundi wa mbao akafanya kazi. Nilizipigilia kwa misumari niliyonayo daima mfukoni, na nikavuka nikiwa na kiburi changu chote. Usiku wa Jumapili tukaingia Baraka, kwa Mama Bitondo.

Mama Bitondo ni binamu ya mama yangu, mjane, mwuza mawese. Nyumbani kwake kuna madebe ya mawese mpaka chini ya kitanda, na mawese yake hayana mchanga wala maji; watu wanateremka kutoka milimani kuyafuata. Kwake ndiko mama mkubwa angefikia Jumanne. Alitupokea kwa sombe ya majani ya muhogo na samaki mkubwa, akamtazama Alimasi, akamwongezea, akamtazama tena, akamwongezea tena.

Asubuhi ya Jumatatu Alimasi akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha chuma cha kupimia mafuta, akafyonza meno. Mama Bitondo alikuwa karibu, akipepeta unga.

"Namna gani, mutoto yangu?"

"Mama, hii gari inakosa mafuta. Litre mbili tu, na itapanda Fizi muzuri."

Akaacha mfuniko wa motere wazi juu ya bodi, akaniambia atakwenda kuoga ziwani kisha tutatafuta mafuta pale penye lori za pamba. Nami nikaenda kumsalimu mchungaji. Niliporudi nilikuta boneti imefungwa na Alimasi amekaa, anang'aa. Alikuwa amepima tena na kukuta mafuta yamejaa, akadhani ni mimi niliyeyaleta. Nami nilipomsikia akisema, "Mafuta iko bien," nilidhani ni yeye aliyeyapata. Wanaume wawili wazima, na hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Wakati wa kuagana Mama Bitondo akanipa jogoo, amefungwa miguu, zawadi ya mama. Akaniegemea dirishani na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kushukuriwa, "Na ye nimemukulisha. Ameshiba."

Nikamtazama jogoo, nikamshukuru kwa kumlisha jogoo.

Kupanda

Barabara ya Fizi inaliacha ziwa na kuanza kupanda kwa kona. Kona ya tatu Alimasi akanusa. "Kuna bamama banapika huku?" Pande zote ilikuwa ni majani marefu tu. Kona ya tano nami nikanusa: mawese ya moto, yale yanayongoja kitunguu. Njaa ikatushika sote wawili saa nne ya asubuhi, tukiwa tumekula. Kila tulipopita kijiji tulisema, ni hapa, na harufu ilitoka nasi kijijini ikatufuata. Moshi wa nyuma ulikuwa mweupe na mnene. Alimasi akasema ni mwinuko. Mimi nikasema ni mwinuko. Motere yenyewe haikuwahi kuimba vizuri kama siku ile, laini, bila kugonga.

Tuliingia Fizi mchana, na mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika chungu kinachofuka mvuke. Nilishuka nikinyoosha mikono. Hakunikumbatia. Alinizunguka mpaka nyuma.

"Iko wapi? Iko kwa mugongo ao iko kwa tako?"

"Nini, mama?"

"Jipu! Shoferi alisema umepata jipu kule Uvira. Mi sikulala. Vua hiyo suruali nikukande."

Majirani walikuwa wamejaa uani, wengine wamekuja na majani yao wenyewe ya kutumbulia. Nikamwonyesha gari. Akalitazama, akatazama chungu, akamtazama Alimasi aliyekuwa amekaa chini kwa kicheko. "Sasa muntu mwenye akili," akasema, "anaita gari yake kidonda?" Tangu siku hiyo mtaani wananiuliza kama limeiva.

Lakini alipanda kwenye kiti siku ile ile, kujaribu. Nilimnyanyua mimi mwenyewe. Akaweka mikono magotini, akatazama mbele kupitia kioo. "Yaya atanifikiria niko bibi ya musimamizi," akasema. Yaya, ndivyo anavyomwita dada yake mkubwa. Kisha akasema, "Etiene, kesho tuondoke mapema. Asipate kungojea mpaka jua ishuke." Nikamwahidi kwamba saa tatu atakuwa Baraka.

Fizi, asubuhi

Mnaokaa Albertville hamjui baridi ya kiangazi cha Fizi. Asubuhi unaona pumzi yako. Mama alikuwa ameshakaa kwenye gari kabla ya jogoo wa jirani kuwika, amevaa kitambaa kipya, jogoo wa Mama Bitondo kwenye kapu miguuni, maana aliamua ampelekee dada yake. Alimasi akaingiza manivela na kuzungusha. Haikuzunguka. Nikashika naye. Haikuzunguka. Tukaning'inia wote wawili juu ya kile chuma, na kikatubeba bila kusogea.

"Batri," nikasema.

"Batri na manivela bina bundugu gani?" Alimasi akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Papa, motere imeshikana. Imekufa." Akaweka paji la uso juu ya bodi.

Tukaisukuma kwenye mteremko. Magurudumu yakaburuzwa kama ya mkokoteni uliokwama. Tukairudisha kwa watu kumi na wawili. Jua likaanza kupanda. Mama alitazama mbele tu, mikono magotini, na kule kutazama kwake kulinitafuna. Nilipiga mpira teke. Nikamtukana mzungu wa pamba, nikaitukana Uvira na watu wake.

Alimasi, kwa kukosa la kufanya, akachomoa kijiti cha mafuta. Kilikataa, kisha kikatoka kimevaa kitu kinene, cha rangi ya machungwa, kama uji uliolala. Akakinusa. Akakigusa kwa ulimi. Akanigeukia taratibu.

"Papa Etiene. Nani alipika hii motere?"

Hapo ndipo sauti ya Mama Bitondo iliponirudia dirishani. *Na ye nimemukulisha. Ameshiba.*

Nikaanza kusema maneno ambayo sitayaandika, juu ya Baraka na wanawake wake ambao kwao neno mafuta lina maana moja tu. Mama akanikata kutoka kitini, na ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo asubuhi ile.

"Etiene! Mugeni akikuambia anakosa chunvi, unamuonyesha duka? Alisikia gari yako iko na njaa, akaipatia ya kwanza, ile anauzisha bakubwa. Ulimuambia ni mafuta gani?"

Kweli, hatukumwambia.

Wakati huo huo akaja Rugaza, mfugaji wa Bibokoboko, ambaye hutuletea siagi na maziwa kila anaposhuka sokoni. Mrefu, fimbo mabegani, vibuyu viwili. Hakuuliza mengi. Aliomba kijiti, akakisugua kati ya vidole mpaka ule uji ukayeyuka na kumwagika kwenye kiganja.

"Haijakufa," akasema. "Mafuta imelala. Na siagi yetu inafanyaka hivi kila asubuhi. Kule Baraka joto haiipatie nafasi ya kulala. Huku imepata usingizi. Muilalishie moto chini, polepole. Itaamuka."

"Moto chini ya gari yenye esanse!" Alimasi akapiga kelele.

"Si moto wa kuwaka. Makaa. Sawa unapasha maziwa ya mutoto."

Hakukuwa na njia nyingine, wala mafuta mengine Fizi nzima. Tukaondoa bidoni za esanse tukazipeleka mbali. Rugaza akamwendea mama, ambaye alikuwa amesema hashuki, maana akishuka hatutampandisha tena. "Mama," akamwambia, "hata ng'ombe hatumukamuake na muntu juu ya mugongo." Mama akacheka bila kutaka, akanipa mkono. Kisha makaa yakaja kutoka kila jiko la mtaa, mama huyu na kigae chake, mama yule na bati lake, na wote walioniletea majani ya jipu jana yake sasa walileta moto. Tukayatandaza juu ya bati, tukalisukuma chini ya tumbo la motere. Rugaza alichuchumaa pale akipunguza na kuongeza kwa vidole, na vibuyu vyake vya kuuza vikakosa soko. Nilimwambia aende. Akasema mtu hauachi moto wa mwenzake.

Jua lilikuwa karibu kichwani harufu ilipoanza kupanda. Kwanza kidogo, halafu mtaa mzima ukanuka sikukuu. Alimasi akashika manivela, ikazunguka robo, ikazunguka nusu. Mara ya tatu ikawaka, ikakohoa moshi mweupe uliofunika nyumba mbili, na watu wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nilikuwa naitazama saa, na saa tatu niliyoahidi ilikuwa imepita zamani.

Kushuka

Nilishuka vibaya. Alimasi alikaa nyuma akiniomba nimhurumie bibi-arusi wake, na mama aliishika kamba ya mlango kwa mikono miwili, akiomba kwa sauti kila kona. Katikati ya mlima tukakuta kantonye, wale watu wa kutengeneza barabara, wamefungua mtaro katikati ya njia. Mkubwa wao akasema gari halipiti mpaka mawe yajae, nako kujaa ni jioni.

Nilianza kumpandishia sauti, naye akaanza kunipandishia ya kwake. Mama akafungua kamba ya mlango na kumwita. "Baba, kuya hapa." Akamweleza, bila haraka, habari za macho ya dada yake. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Na miye niko na dada," akasema. Akapiga filimbi. Wakaacha mawe, wakalaza magogo juu ya mtaro, wakakata mengine. Ilichukua muda, lakini haikuwa jioni. Tulipopita nilimwomba radhi kwa sauti yangu, naye akauliza, akinusa, kama tumebeba chakula kidogo cha kuwabakizia. Tuliwaachia jogoo.

Ila Baraka ina ubaya mmoja kwa mtu mwenye haraka: mlima uko upande wa machweo. Jua linapokuwa bado linang'aa juu ya Ubwari, kivuli cha mlima kimekwisha kuingia Baraka. Nilikiona kivuli hicho kikitutangulia chini, nyumba kwa nyumba, na sikuweza kukipita.

Baraka tena

Mama mkubwa alikuwa uani kwa Mama Bitondo, kwenye kiti, ameelekezwa barabarani. Mama Bitondo aliniambia baadaye kwamba alikaa pale tangu asubuhi, na jua liliposogea alisogeza kiti alifuate, mpaka likaisha uani. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Rozari ilikuwa mkononi.

Nilimshusha mama. Alitembea zile hatua peke yake, hakutaka mkono.

"Yaya."

Mama mkubwa akainua kichwa, akageukia sauti, akageuza tena kidogo. "Ni ye. Sauti ni yake." Akamshika mikono, akamvuta, akatazama na kutazama. Nikaona uso wake ukilegea. "Mudogo yangu, nakuona sawa moshi. Jua ilikuwa hapa, ilikungojea, ikaenda."

"Haizuru, yaya. Nimefika."

"Inazuru," mama mkubwa akasema. "Mi nilitaka kuona."

Mama akaanza kulia bila sauti, mabega tu. Mama Bitondo akageukia ukuta. Mimi niliona aibu niliyokuwa sijawahi kuionja: nimenunua gari zima, nimevuka mito, na nimechelewa kwa uvivu wa kuuliza neno moja. Nikarudi kwenye jipu ili nisionekane. Nikakaa, nikaweka kichwa kwenye usukani, na macho yangu yakaangukia ile swichi ya taa.

Alimasi aliona mkono wangu. "Papa, motere imezima. Batri haitafika mbali."

"Iache ifike inapofika," nikamwambia.

Nikawasha. Ule ua uliokuwa na giza la kijivu ukapata mwanga mweupe, mkali, na mama yangu akiwa katikati yake, akijikinga kwa mkono. Nikamwambia ashushe mkono. Akaushusha. Mama mkubwa aliinuka kitini. Alikaribia mpaka uso kwa uso, akamshika kidevu, akakigeuza kulia, akakigeuza kushoto, kama mtu anayechagua kitu sokoni ambacho hataki kudanganywa.

"Usilie. Unaharibisha. Simama vile." Akamfuta machozi kwa kidole gumba. Akamtazama tena, muda mrefu. "Eh, mudogo. Umezeeka." Wakacheka wote wawili. Halafu kicheko cha mama mkubwa kikakatika katikati, akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya mtoto, "Mama."

"Yaya, ni mi."

"Najua ni we. Lakini ni Mama. Hii macho ni yake. Hii kinywa ni yake. Tangu tumuzike sijamuona tena, na leo amekuya." Na akamwita tena, mara mbili, mtu ambaye mimi sikuwahi kumwona, na ambaye nilikuwa nikimwona sasa.

Alimasi alivua ile kofia yake. Taa zilishuka polepole, zikawa za manjano, zikawa nyekundu kama makaa ya mwisho. Zilipozimika mama mkubwa alikuwa bado anamgusa mashavu. Na mama yangu hakusogea. Aliendelea kusimama pale pale, kidevu juu, macho wazi, asije akampotezea dada yake alichokuwa anakiona.